Spea tairi au dawa ya pancha? Mwongozo kwa anayeendesha gari Mtwara na Lindi

Kabla hujasoma mbali, nenda kwenye gari lako, fungua buti na uinue zulia. Chini yake utakuta kimojawapo kati ya vitu vinne: tairi kamili linalofanana na yale manne ya chini, tairi jembamba lenye herufi T ubavuni na onyo la kilomita 80 kwa saa, sponji lililochongwa nafasi ya chupa ya dawa ya kuziba pancha na kipampu cha umeme, au shimo tupu lenye mwavuli na ndala. Kama una Noah, Hiace au Hilux, usiangalie ndani. Chuchumaa nyuma ya gari uchungulie chini ya sakafu, spea hufungwa huko. Magari mengi madogo yanayoshushwa kutoka Japani siku hizi yanakuja na sponji, na wengi wetu tunalijua hilo siku ya pancha.

Mimi nililijua kati ya Nachingwea na Liwale, mwezi wa saba, malori ya ufuta yakipita na kuniachia vumbi. Jiwe lilikuwa limechana tairi la nyuma kushoto. Nikafungua sponji kwa furaha ya mtu aliyenunua kitu akakisahau, nikamimina ile dawa yote, nikawasha kipampu. Povu jeupe likawa linatoka ubavuni kama uji uliofurika sufuriani. Lori moja likasimama, utingo akashuka, akainama, akatazama mara moja tu.

"Kaka, hiyo imechanika ubavu. Hapo hata umwage ndoo nzima."

Nilipata tairi kesho yake mchana, lilipokuja kwa basi kutoka Masasi. Tangu hapo nina msimamo, nao ni huu: anayetoka nje ya lami huku kwetu abebe spea kamili. Hivyo vingine ni vizuri, lakini ni vya kuongezea. Anayezunguka mjini tu anaweza kuishi bila spea, mradi asifanye kosa moja ambalo nitalifikia.

Kwanza jua tairi huumia wapi

Swali la spea haliishi kwa kuuliza "je, hupata pancha?" Kila mtu hupata. Uliza unapata pancha ya aina gani.

Msumari, mwiba au kipande cha waya kikiingia kwenye kashata, yaani sehemu inayokanyaga barabara, tundu linakuwa dogo na upepo hutoka polepole. Hilo linazibika: kwa kamba, kwa dawa, kwa kiraka cha fundi. Mara nyingi unaweza hata kuendelea taratibu hadi kituo kinachofuata ukijaza upepo njiani.

Ubavu ni habari nyingine. Ubavu wa tairi ni mwembamba na unakunjwa na kunyooka kila mzunguko wa gurudumu, kwa hiyo kiraka au kamba haishiki hapo. Dawa ya chupa nayo imetengenezwa kwa tundu dogo la kwenye kashata, kwa kawaida lisilozidi milimita 4. Tairi lililochanika ubavu, lililopasuka, au lililokatika kwa kugonga ukingo wa lami, dawa yake ni tairi jingine. Na barabara zetu za mawe na kingo za lami zilizoliwa na mvua hutoa majeraha ya namna hiyo mara nyingi kuliko misumari ya mjini.

Sasa pima njia zako

Kaa chini ufikirie miezi mitatu iliyopita: gari lako lilifika wapi?

Kama jibu ni mitaa ya Mtwara mjini, yaani Shangani, Ligula, Chikongola, na Mikindani mara mojamoja, basi wewe hauko mbali na fundi tairi hata siku moja. Chupa ya dawa, kipampu na kamba za kuziba zinakutosha.

Lami ndefu inahitaji kufikiri kidogo. Kutoka Mtwara hadi Lindi ni kilomita 100 na ushei. Hadi Masasi kupitia Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao na Ndanda ni kama 200. Kila kituo kati ya hivyo kina kijana mwenye kompresa na tairi bovu lililotundikwa kama bango. Mchana, tairi jembamba linakufikisha kwake. Usiku wa manane hakuna kijana, kuna giza na malori. Na ukielekea Dar es Salaam kupitia Nangurukuru na Somanga, ongeza tahadhari. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, na hata mvua za kawaida hufungua mashimo ambayo hukuyaacha safari iliyopita. Shimo lenye maji huwezi kujua kina chake mpaka rimu ikuambie.

Halafu kuna vumbi: Nachingwea kwenda Liwale, zaidi ya kilomita 100, Nangurukuru kwenda Liwale, zaidi ya 200, sehemu kubwa pori, njia za ndani za Newala na Tandahimba zinazopanda na kushuka uwanda wa Makonde, zile za kushukia bonde la Ruvuma. Huko beba spea kamili. Ukienda Liwale masika, ukipata nafasi ya spea mbili beba mbili, wala usimwonee haya anayekucheka. Wenye malori hawakucheki.

Vibadala, kimoja kimoja

Tairi jembamba. Hili ni spea, lakini ni spea ya kukufikisha kwa fundi tu. Linajazwa upepo mwingi, kwa kawaida psi 60 (psi ni kipimo cha upepo), wakati matairi ya kawaida ya gari dogo hukaa kwenye thelathini na kitu. Mwendo wake wa juu ni kilomita 80 kwa saa. Kwenye lami linavumilika. Kwenye mchanga wa njia za korosho linazama kama kisigino cha kiatu kirefu, na kwenye mawe unaona gari limeinama upande mmoja. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: tairi jembamba halipendezi kukaa kwenye magurudumu yanayovuta gari, kwa sababu linazunguka mara nyingi kuliko mwenzake na kuitesa difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Gari kama IST huvuta kwa mbele. Pancha ikiwa mbele, toa tairi zima la nyuma ulihamishie mbele, jembamba liende nyuma. Ni kazi mara mbili, ndiyo. Kama gari linavuta magurudumu yote manne muda wote, soma kitabu chake kabla ya kwenda nalo mbali na tairi la ukubwa tofauti.

Dawa ya chupa. Ina tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo imeandikwa kwenye chupa. Ya gari la mtumba inaweza kuwa imekwisha muda wake kabla gari halijapanda meli. Ukiitumia, endesha kidogo ili isambae ndani, simama, pima upepo, kisha nenda moja kwa moja kwa fundi usizidi kilomita 80 kwa saa. Mwambie fundi kuwa kuna dawa ndani kabla hajatoa tairi kwenye rimu. Asipoambiwa, itamrukia usoni, na bei utakayotajiwa itakuwa na hasira ndani yake.

Kipampu cha umeme. Hiki ndicho nisichokiacha hata nikiwa na spea. Kinachomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, injini ikiwa inawaka ili betri isiishe. Vile vidogo huchemka. Vingi vinataka vipumzike baada ya dakika 10 hadi 15. Nunua chenye geji, kisha kijaribu nyumbani kwa tairi zima kabla hujakiamini.

Kamba za kuziba. Kwa tairi lisilo na tyubu hizi ni rafiki mkubwa. Acha msumari ulipo mpaka vifaa vyote viwe mkononi. Uchomoe kwa koleo ukiangalia ulivyokuwa umelala, pitisha kekee kwa mwelekeo uleule mara kadhaa, chovya kamba kwenye gundi, ichomeke kwa sindano yake mpaka ibaki mikia mifupi nje, kisha vuta sindano kwa nguvu moja. Jaza upepo, temea mate au mwagia maji ya sabuni, uone kama kuna mapovu. Baadaye fundi aweke kiraka kwa ndani. Kwa tairi la tyubu kamba haifanyi kazi.

Matairi yanayotembea bila upepo. Yapo, hasa kwenye magari ya kifahari. Ubavu wake ni mgumu, na mengi yanaruhusu kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Lakini likichanika vibaya nalo limekwisha, na kupata la saizi yake Masasi au Nachingwea ni kazi ya simu nyingi. Mimi simshauri mtu wa huku.

Simu, bodaboda na basi. Tusijidanganye, hii ndiyo njia ya wengi: unavua tairi, bodaboda analifunga nyuma kwa mpira, linakwenda kwa fundi na kurudi. Likiwa limekufa kabisa, unamtumia mwenye duka pesa kwa simu na anapakia jingine kwenye basi. Inafanya kazi. Na hapa ndipo lilipo lile kosa nililolitaja mwanzo. Ili tairi lipande bodaboda, lazima kwanza litoke kwenye gari. Anayeamua kuishi bila spea huona jeki na spana navyo ni mzigo, akavishusha. Siku ya pancha ana dawa, ana simu, ana bodaboda aliyefika, na hakuna wa kulifungua gurudumu. Spea unaweza kuiacha kwa hesabu. Jeki na spana usiviache.

Kwa njia hii ya basi, piga picha ubavu wa tairi lako leo. Namba kama 195/65R15 ndizo mwenye duka atakazouliza, na porini utazikuta zimefunikwa na tope au zimechanika pamoja na ubavu.

Ukiamua kununua spea

Gari lililokuja na sponji mara nyingi lina nafasi ya tairi jembamba tu chini ya zulia. Pima kina na upana kabla hujalipa. Tairi kamili lisipoingia, litakaa juu ya zulia, na hapo lazima lifungwe kwa mkanda. Tairi lenye rimu ya chuma likiruka kutoka nyuma siku ya breki kali, halitachagua kichwa.

Rimu ya mtumba usiinunue kwa macho. IST ya zamani ina nati nne, Noah ina tano, lakini idadi peke yake haitoshi kwa sababu umbali kati ya matundu unatofautiana. Mwombe muuzaji uijaribu kwenye gari lako palepale, na uijaribu kwenye gurudumu la mbele, kwani breki za mbele huwa kubwa zaidi na rimu inayoingia nyuma inaweza kugusa mbele. Izungushe kwa mkono usikilize. Jaribu na nati pia. Kama gari lako lina spoti rimu, nati zake huenda zisikae vizuri kwenye rimu ya chuma, na itabidi ubebe seti ya pili kwenye mfuko. Na kama kuna nati za kufuli, ufunguo wake ulale ndani ya gari, si kwenye droo ya nyumbani.

Tairi lenyewe lisome tarehe. Tafuta namba nne mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanataka tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 na liondolewe likifika 10, hata kama kashata zinapendeza. Spea huzeeka bila kutembea. Kashata zikiwa zimelingana na vile vijivimbe vya TWI vilivyomo kwenye mifereji, zimebaki milimita 1.6, hilo ni kipara cha kesho. Usikubali kuuziwa eti kwa kuwa ni la spea tu.

Kuitunza

Kila unapojaza upepo matairi manne, jaza la tano. Mwambie kijana wa kompresa kabla hajakunja mpira wake, maana mwenyewe hatakukumbusha. Kipimo kiko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Mimi spea yangu naizidishia psi chache, kwa kuwa kupunguza upepo porini ni rahisi kuliko kuongeza.

Kwa zinazofungwa chini ya gari, kila baada ya miezi michache ishushe mpaka ifike ardhini na uirudishe. Sisi tunaokaa karibu na bahari chumvi hailali. Mnyororo na skrubu yake hushikana kutu, na utajua umechelewa ukiwa umelala chali kwenye tope la Somanga unapigapiga kwa jiwe. Paka grisi. Ukiweza, weka kufuli, spea za chini hupendwa na wezi.

Kubadilisha, hatua kwa hatua

Fanya zoezi hili mara moja nyumbani, kwenye kivuli, bila haraka. Mara ya kwanza isiwe barabarani.

Toka barabarani kadiri uwezavyo, mahali palipo sawa na panapoonekana kutoka mbali. Ni afadhali kutambaa mita 200 na kuharibu tairi lililokwisha haribika kuliko kusimama kwenye kona au mteremko. Washa hazadi, vuta handibreki, weka gia (ya otomatiki iwe P). Shusha abiria wote, wakae mbali na lami. Weka pembetatu hatua kama 50 nyuma ya gari, zaidi kama kuna kona. Matawi ya miti nayo ni lugha ambayo kila dereva wa nchi hii anaielewa, yaweke pia.

Weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu lililo kinyume kikona na lile unalolitoa. Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Ukiinua kwanza, gurudumu litazunguka na gari litacheza juu ya jeki. Nati za Toyota nyingi hutumia spana ya 21.

Tafuta alama mbili za kuchongwa kwenye ukingo wa chini ya mlango. Jeki inakaa kati yake. Huku kwetu mchanga ni mwingi, kwa hiyo tanguliza ubao chini ya jeki, wenye upana kama daftari kubwa. Bila ubao jeki itashuka ardhini badala ya gari kupanda juu. Kabla hujainua sana, laza spea chini ya ukingo wa gari karibu na jeki. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi, si mguu wako. Usiingize mwili wako chini ya gari kwa sababu yoyote.

Toa nati, ziweke ndani ya kofia au kifuniko cha rimu, si kwenye majani. Vuta tairi bovu, lisukume chini ya gari mahali pa spea, vaa spea. Nati za rimu ya chuma zinaingia upande wenye mteremko ukitazama rimu. Zikaze kwa mkono mpaka zigome, kwa kuvuka: ya juu, kisha ya upande wa pili, mpaka ziishe. Shusha gari ndipo ukaze kwa spana, kwa kuvuka vilevile. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo cha kukaza ni Nm 103, na hiyo ni nguvu ya mkono wa mtu mzima kwenye spana ya kawaida. Usipande juu ya spana wala kuirefusha kwa bomba. Nati iliyokazwa na mwanaume wa bomba hufunguliwa na mwanaume wa bomba tu, na yeye hatakuwepo.

Pima upepo wa spea. Okota pembetatu, mawe na matawi yote. Jiwe uliloliacha ni pancha ya mwenzako, au ajali ya bodaboda usiku. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simama ukaze nati tena.

Kituo cha kwanza chenye fundi, simama hapo hapo ukazibe lililotoboka. Kutoka pancha ya kwanza mpaka ukiwa na tairi la tano zima tena, wewe ni dereva asiye na spea, hata kama buti limejaa.

Kilichomo kwenye buti langu leo ni spea kamili yenye rimu ya chuma, nati zake tano kwenye soksi, jeki, spana, kipampu, kamba za kuziba, tochi ya kichwani, pembetatu mbili na kitenge kikuukuu cha kulalia. Na ubao. Ubao wenyewe ni kipande cha mninga alichonipa utingo wa lile lori la ufuta, siku ile alipoona jeki yangu inazama. Nilitaka kumrudishia, akasema wana vingine. Una mviringo wa jeki katikati, umechimbika kama kijungu.